Tuchague Mafunzo Gani ya Kuokoa Majeruhi?

Hotuba iliyosomwa na mwanachama wetu wa reli katika mkutano wa pamoja wa wafanya kazi wa Kisii na Nyamira, Keroka.



Bwana Katibu amenipa dakika ishirini, na naona ameivua saa yake na kuiweka mezani, kwa hiyo sitazunguka sana. Wengine wananiuliza kila nirudipo likizoni, ati Mkisii na reli ni wapi na wapi, maana tangu reli ilipofika Kisumu mwaka 1901 haikupanda milima yetu hata siku moja. Ni kweli. Lakini mimi ni mtu wa njia ya reli, kazi yangu ni mataruma, kokoto na nyundo, na mambo ya kuumia kazini nayajua. Hayo ndiyo yaliyonileta mbele yenu.

Jambo lililo mbele yetu leo ni hili. Tumeweka akiba ya mafunzo, na akiba hiyo yatosha jambo moja tu, si mawili. Barua mbili zimefika kwa Katibu. Ya kwanza ni ya mafunzo ya kawaida ya huduma ya kwanza, yale ambayo Msalaba Mwekundu na St John wamekuwa wakiyatoa nchini kwa miaka mingi. Ya pili imetoka kwa kampuni moja ya mjini, nayo yasema itatufundisha huduma ya dharura ya "kitaktiki", yaani namna askari wanavyookoana vitani. Barua hiyo ina picha za watu waliovaa fulana nzito na miwani myeusi. Vijana wetu waliipenda sana picha ile, nami siwalaumu, hata mimi niliitazama mara mbili. Baadaye tutapiga kura. Kabla ya kura yafaa tujue tunachokichagua, kwa sababu anayeumia hatauliza mwokozi wake amevaa nini.

Kwanza niseme kwa haki juu ya mafunzo hayo ya kivita, maana si upuzi hata kidogo. Yalianza kuandikwa mwaka 1996 na madaktari wa jeshi la Marekani, ambao waliona kwamba askari wao walikuwa wanafundishwa kuokoa mtu kana kwamba wako mbele ya hospitali, taa zinawaka na dresa yuko karibu. Vitani sivyo. Baadaye, zilipokuja vita vya Afghanistan na Iraq, madaktari wale walihesabu wafu wao wa mwaka 2001 hadi 2011, watu 4,596, wakachunguza kila mmoja alikufaje. Wakaona kwamba karibu watu 87 katika kila 100 walikufa kabla ya kufika kwa daktari mpasuaji. Na miongoni mwa hao waliokufa njiani, karibu robo yao wangeweza kupona. Hao ambao wangeweza kupona, tisa katika kila kumi walikufa kwa kutokwa na damu.

Ndugu zangu, naomba mlisikie vizuri neno hilo. Hawakukosa dawa ya ghali wala mashine. Damu ilitoka, na hapakuwa na mkono wa kuizuia.

Hesabu hiyo ndiyo iliyobadili mafunzo. Sisi tuliosoma shule za misheni tulifundishwa, na mwalimu wetu alikuwa mkali kwa jambo hili, kwamba kwanza utazame njia ya hewa, kisha pumzi, kisha ndipo utazame damu. Kwa mtu aliyezama mtoni au aliyezimia, mpango huo bado ni mwema. Lakini kwa mtu aliyekatwa mshipa mkubwa wa paja, ukianza kumtazama kinywa utamaliza kutazama na yeye amekwisha kufa. Mtu mzima ana damu kama lita tano tu, na mshipa ule waweza kumwua kwa dakika chache. Basi mpango wa siku hizi ni huu: kwanza damu inayotoka kwa nguvu, pili njia ya hewa, tatu kifua na pumzi, nne mwendo wa damu mwilini, tano kumkinga na baridi. Watu wengi hucheka hilo la baridi, lakini damu ya mtu aliyepoa haigandi vizuri, na usiku wa Nyamira mnaujua.

Wamarekani wenyewe hawakuyaacha mambo haya kwa askari peke yao. Baada ya watoto kuuawa kwa bunduki katika shule moja ya Connecticut, Desemba 2012, madaktari walikutana mwaka uliofuata wakasema raia wa kawaida naye afundishwe kuzuia damu, na mwaka 2015 serikali yao ikaanzisha mwito wa nchi nzima wa jambo hilo. Walimu, makarani, madereva wa mabasi, wote wanafundishwa. Haihitaji fulana nzito.

Sasa tutazame nyumbani. Je, sisi wa Gusii tunahitaji elimu ya vita? Wengine watasema hapana. Mimi nasema tukumbuke kabla ya kujibu. Tarehe 12 Septemba 1914 Waingereza na Wajerumani walipigana Kisii mjini, na hospitali yetu kubwa, ambayo leo ni ya mafunzo na rufaa, ilianza mwaka 1916 kwa ajili ya askari wa vita vile. Hayo ni ya babu zetu. Lakini mpaka wa Borabu na Sotik uliwaka mwaka 1992, ukawaka tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na walioumia kwa mishale na mapanga walikuwa ni wakulima na wachuma chai wa pande zote mbili. Tena mwaka 2024 vijana waliandamana nchi nzima, risasi zikapigwa, na waliowafunga vidonda barabarani mara nyingi walikuwa vijana wenzao wenye mikoba midogo migongoni.

Nairobi nako, tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa, watu 213 walikufa na maelfu wakaumia. Waliopeleka majeruhi hospitali asubuhi ile walikuwa zaidi watu wa njiani, kwa matatu na motokaa zao wenyewe. Wengi walipoteza macho kwa sababu waliposikia mlio wa kwanza mdogo walikimbilia madirishani kutazama, na mlipuko mkubwa ukawakuta pale nyuma ya vioo. Kisha Westgate mwaka 2013, watu 67. Kisha hoteli ya Dusit, Januari 2019, watu 21.

Haya nimeyataja kwa haki. Lakini tukisema kweli, adui wetu wa kila siku katika milima hii si mtu mwenye bunduki. Ni lori lisilo na breki, ni boda boda, na ni mashine. Mnaifahamu ajali ya Londiani ya tarehe 30 Juni 2023. Lori lenye kontena lilishindwa kusimama kwenye njia panda likawavamia wachuuzi, matatu na watu waliokuwa wakingoja gari, na zaidi ya watu 50 wakafa. Londiani ni stesheni yetu sisi wa reli pia. Pale hapakuwa na vita, lakini vidonda vilikuwa vya vita. Mtu aliyebanwa na chuma hatofautiani sana na aliyepigwa bomu: mguu umekatika, damu inaruka, na daktari yuko mbali.

Tena tazameni kazi zenu. Ninyi wa viwanda vya chai, Kebirigo, Sanganyi, Nyansiongo, Kiamokama na vingine, mnajua mashine za kusaga majani zinavyoweza kuvuta kidole, kisha kiganja, kisha mkono. Ninyi wa Tabaka mna misumeno na mawe ya sabuni. Madereva na boda boda sina haja ya kuwaeleza.

Niliwahi kuona jambo mwenyewe nikiwa likizoni, katika kiwanda kidogo cha kupasua mbao ambacho sitakitaja. Msumeno ulimpata kijana juu ya goti. Watu walikuwa wengi, labda arobaini, na wote walimpenda. Mmoja alileta mafuta ya taa, mwingine majani ya chai, mwingine akaleta waya wa kufungia miti akaukaza juu ya kidonda kwa nguvu zake zote. Waya ulikata nyama lakini damu haikusimama, kwa maana kitu chembamba hukata, hakibani. Kulikuwa na sanduku la huduma ya kwanza ukutani. Lilipofunguliwa lilikuwa na sukari, vikombe viwili na daftari la mahudhurio. Kijana alipakiwa kwenye piki-piki katikati ya watu wawili, kichwa kikining'inia, na kabla hawajafika kwenye lami alikuwa amekata roho. Watu arobaini, ndugu zangu. Kila mmoja alikuwa na mikono miwili.

Katika Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 imeandikwa wazi kwamba kila mwenye mahali pa kazi lazima aweke sanduku la huduma ya kwanza mahali pa kufikiwa kwa urahisi, na ndani yake kisiwekwe kitu kingine chochote isipokuwa vifaa vya huduma ya kwanza. Yaani walioandika sheria walijua habari za sukari! Sanduku liwe na mtu wa kulitunza, na jina lake libandikwe wafanya kazi walione. Na Sheria ya Fidia kwa Wanaoumia Kazini ya mwaka huo huo inamtaka mwajiri atoe huduma ya kwanza na afanye mpango wa kumpeleka aliyeumia hospitali. Kwa hiyo, ndugu Mwenyekiti, tusije tukatumia senti za wanachama kununua kile ambacho sheria imekwisha kumwagiza tajiri akinunue. Sanduku na vifaa vyake tuvidai kwake kwa barua. Akiba yetu iwe ya kufundisha watu wetu, hasa wale ambao hawana tajiri wa kuandikiwa barua, kama boda boda na mama wa sokoni.

Nirudi kwenye zile barua mbili. Jana usiku nilizisoma tena kwa makini, na nilikaa na ndugu mmoja ambaye ni muuguzi, tukauliza maswali ambayo nadhani kila tawi lingeuliza.

Swali kubwa kuliko yote ni mikono. Mwanafunzi atashika nini, na mara ngapi? Barua ya kampuni yataja mihadhara na picha za sinema kwa muda mwingi wa siku mbili, na mazoezi "kadiri muda utakavyoruhusu". Hilo mimi sikulipenda. Kufunga ukanda wa kukaza, ule ambao wakufunzi huuita turniketi, si jambo la kusikilizwa. Ni la kufanywa mara kumi, mara ishirini, gizani, kwa mkono mmoja, juu ya paja lako mwenyewe mpaka uumwe, kwa maana usipouma haujakaza. Hapa nataka niwakumbushe wazee wetu. Nchi hii ya Gusii ilikuwa na omobari, mpasuaji wa kichwa, ambaye aliweza kukwangua fupa la kichwa cha mtu aliyepigwa rungu, na mtu huyo akaishi. Madaktari wa Kizungu walikuja kumtazama na kuandika habari zake katika miaka ya 1950 na 1960, wakashangaa. Omobari hakujifunza kwa siku mbili wala kwa picha. Alikaa miaka chini ya mkono wa bwana wake, mara nyingi baba yake. Sisemi tukae miaka. Nasema elimu ya kidonda huingia kwa vidole.

Tukauliza pia nani anafundisha. Mtu aliyewahi kupanda gari la wagonjwa usiku na kufunga majeruhi wa barabarani ni mwalimu. Mtu aliyewahi kupigwa picha tu si mwalimu. Na je, shirika lake limekubaliwa na Idara ya Usalama na Afya Kazini? Hili si jambo la heshima tu. Cheti cha shirika ambalo Idara haikulikubali, mkaguzi anaweza kukikataa, na tajiri atafurahi kusema kwamba hana mtu aliyefunzwa. Barua ya kwanza imetaja kibali. Ya pili haikutaja. Katibu ameandika kuuliza, na mpaka asubuhi hii jibu halijafika.

Na lugha? Mama zetu wachuma chai watafundishwa kwa lugha gani? Kama ni Kiingereza cha mjini, basi tumewafundisha makarani wawili na wengine wamekuja kula chakula cha mchana. Tudai Kiswahili, na mahali pa lazima Ekegusii. Neno amanyinga kila mtu hapa analijua, na halihitaji kutafsiriwa wakati linapomwagika.

Lipo jambo moja katika mafunzo ya kivita ambalo nalitaka sana, hata kama hatuchagui kampuni ile, nalo ni habari ya mahali pa hatari. Wao hugawa mahali pa tukio sehemu tatu. Kuna mahali ambapo hatari ingali inafanya kazi, kuna mahali ambapo hatari imepungua lakini yaweza kurudi, na kuna mahali salama. Pale pa kwanza huna kazi ya kufunga bandeji. Kazi ni kumtoa mtu, au kukaza ukanda haraka, kisha muondoke. Sisi wa reli hatukulisikia jambo hili kwa mara ya kwanza kwa Wamarekani. Mwenzako akiangukiwa na taruma juu ya njia, kitu cha kwanza si kumkimbilia. Kitu cha kwanza ni mtu kwenda mbele na bendera nyekundu na mwingine nyuma, ili gari moshi lisije likawaua wote wawili. Wageni huona kama ni ukatili. Si ukatili.

Angalieni Sachangwan, tarehe 31 Januari 2009. Lori la petroli lilianguka, watu wakaja kuchota, wengine wakaja kutazama, moto ukashika, na zaidi ya watu 100 wakafa. Na katika barabara zetu za Kisii na Keroka mara ngapi tumeona watu wamemzunguka majeruhi katikati ya lami, kwenye kona, usiku, hakuna hata tawi la mti lililowekwa barabarani kuonya? Lori la pili huja. Boda boda wakifundishwa jambo hili moja tu, wawili wasimame mbali na taa pande zote mbili kabla ya mtu kumgusa majeruhi, tutazika watu wachache zaidi.

Kuna mambo mengine katika barua ya kampuni ambayo sisi hatuyahitaji. Wanataka kutufundisha kumchoma mtu sindano kifuani ili kutoa hewa. Hiyo ni kazi ya mganga mwenye leseni. Ukimchoma mtu pasipo ujuzi akafa, hakuna chama kitakachoweza kukusimamia. Wanataka pia kutuuzia mikoba ya askari. Nimechungulia bei yake nikairudisha barua mezani polepole.

Tena kuhusu kanda zenyewe, tuwe na macho. Zile zilizotengenezwa vizuri, kama CAT ya Marekani, ni pana, na kijiti chake cha kukazia hakivunjiki. Lakini masoko yamejaa za bandia zinazofanana nazo kwa rangi na kwa maandishi, na kijiti chao hupinda au kukatika hapo hapo unapokaza. Kununua ukanda wa bandia ni afadhali usinunue, kwa sababu utauamini. Pasipo ukanda wa kweli, shuka iliyokunjwa ikawa na upana wa vidole vitatu au vinne, na kijiti kigumu cha kusokotea, itafanya kazi kiasi, na ni bora mara nyingi kuliko waya au kamba ya katani.

Kwa kuwa wengine hawatapata nafasi katika mafunzo yoyote, nieleze jinsi unavyofungwa. Ukanda huu ni wa mkono na mguu tu. Uweke juu ya kidonda kuelekea mwilini, umbali wa vidole vinne hivi, usiuweke juu ya kiungo cha goti wala kiwiko. Kaza mpaka damu isimame, si mpaka ipungue. Mgonjwa atapiga kelele, mwache apige. Andika saa uliyofunga, hata kama ni kwa kalamu kwenye paji la uso wake. Kisha usiufungue. Vitabu vya zamani vilisema ulegezwe kila baada ya dakika kadha. Mafundisho hayo yameachwa, kwa sababu kila ukilegeza unamwaga damu aliyobakiwa nayo. Watu huogopa kwamba mguu utaoza. Ndani ya saa mbili kwa kawaida mguu hauharibiki, na kutoka Keroka hadi Kisii hakufiki kilomita 30.

Kidonda kikiwa kwenye kinena, kwapa au shingo, ukanda haufai kitu. Hapo shindilia kitambaa safi ndani ya kidonda mpaka kijae, halafu kandamiza kwa mikono miwili na uzito wa mwili wako kwa dakika kumi nzima pasipo kuchungulia. Kitu kilichochomeka, mshale, kisu, nondo au kipande cha kioo, usikichomoe. Kizungushie nguo kisitikisike, apelekwe nacho. Na majeruhi wa kichwa au shingo asikunjwe katikati ya watu wawili kwenye piki-piki kama gunia la mkaa. Tafuteni pick-up, mlazeni juu ya ubao, na akiwa amezimia lakini anapumua alazwe kwa ubavu ili asipaliwe na matapishi.

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani kwamba mafunzo yatachukua mahali pa gari la wagonjwa au la hospitali. Katiba yetu, kifungu cha 43, yasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Lakini mwezi wa Oktoba 2015 mtu aliyegongwa na gari alikaa ndani ya gari la wagonjwa Nairobi saa 18 akizungushwa hospitali hata hospitali akitafutiwa kitanda, na akafa. Kwa hiyo tuendelee kuziandikia serikali zetu mbili za kaunti juu ya magari, mafuta yake, na wauguzi wa zamu ya usiku. Namba ya bure ya Msalaba Mwekundu, 1199, kila mtu aiandike kwenye simu yake leo. Hayo ni madai ya kudumu. Dakika tano za kwanza, hata hivyo, hazina gari wala serikali. Ni zetu.

Sasa nimalize kwa kutoa hoja yangu, Mwenyekiti, na wenye hoja nyingine wasimame, sitakasirika. Kwa fedha ile ile tuliyo nayo, barua ya pili itafundisha watu 8, ya kwanza itafundisha 24. Kama tungekuwa askari, ningechukua wale 8 wenye ujuzi mwingi. Lakini sisi tumetawanyika kutoka Nyansiongo hadi Tabaka, na ajali haichagui mahali alipo yule mmoja aliyefunzwa sana. Natoa hoja tuchukue mafunzo ya kawaida, watu 24, kwa masharti matatu yaandikwe katika mkataba: kwamba nusu ya siku nzima iwe ya kuzuia damu kwa mikono, na kukaza ukanda juu ya miili yetu wenyewe; kwamba iongezwe saa moja juu ya mahali pa hatari; na kwamba mwalimu arudi baada ya miezi sita kutupima tena, kwa maana mikono husahau upesi kuliko kichwa. Na katika hao 24, naomba 8 wawe boda boda na 8 wawe akina mama, wachuma chai na wauza sokoni. Wao ndio wanaofika kwanza. Sisi wanaume wa kamati tumezoea kujiandikisha wenyewe kwenye kila safari na kila semina, na nyuso ninazoziona hapo mbele zinajua ninasema nini.

Wale wanaosema kwamba mafunzo ya kivita yana heshima zaidi, nawajibu kwa habari za wenzetu. St John ilipoanzisha madarasa yake Uingereza mwaka 1877, miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo walikuwa watu wa reli, wachimba migodi na polisi, si majenerali. Walikuwa watu wenye mafuta mikononi kama sisi.

Muuguzi wetu ameleta kanda tatu za kujaribia, ziko pale mezani karibu na sufuria ya chai. Kabla ya kura, kila mtu apite ajifunge mmoja juu ya paja lake, na jirani yake amtazamie saa. Atakayeweza kwa nusu dakika amwandikishe Katibu jina lake.